KARAKANA YETU YA FULANA: MAMBO YALIYOTANGULIA MASHINE

(Hotuba ya msimamizi wa mradi wa uchapaji, siku ya maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi)



Nimepewa dakika ishirini. Mwenyekiti ananifahamu, ndiyo maana amekaa karibu na saa. Nimeombwa niseme habari za karakana ya kuchapa fulana, kwa sababu ndiyo mradi uliochukua fedha nyingi za sanduku kuliko miradi mingine, na ndio uliotugombanisha zaidi. Baadhi yenu mlikuwapo katika kikao kile cha mwaka 2023 kilichoisha usiku bila mtu kumuaga mwenzake. Nimeona nacho kiingie katika kijitabu chetu. Wajukuu wakisoma wasidhani bibi zao walikuwa wanakubaliana kila kitu.

Tulianza kazi hii mwaka 2018. Ndio mwaka ambao Songea iliunganishwa na Gridi ya Taifa kwa njia kubwa ya umeme ya kilovolti 220 inayotoka Makambako. Kabla ya hapo mji wetu ulitegemea majenereta ya dizeli, na hakuna haja ya kuwasimulia, kila mmoja hapa alikuwa na mshumaa wake kabatini. Tukasema: sasa umeme umefika, nasi tutafute kazi ya umeme. Kichekesho ni kwamba karakana yenyewe ilianza bila kifaa chochote cha umeme ukiacha balbu ya juu. Fremu zilikuwa za mbao. Wavu tuliutoa kwenye kitambaa cha oganza, kile cha mapazia. Skwiji, yaani kile kifaa cha kuvutia wino, ilikuwa kipande cha mpira tulichokibana kati ya mbao mbili. Tukafungua milango, tukajiita wachapaji.

Kwa wageni ambao hawajaingia kwetu, kazi ni hii. Wavu unavutwa ukakaza juu ya fremu kama ngoma. Unapakwa dawa isiyopenda mwanga, unakaushwa gizani. Juu yake unalaza karatasi angavu yenye maandishi meusi, ndiyo tunaiita filamu, kisha unaupeleka kwenye mwanga. Dawa iliyopigwa na mwanga inakuwa ngumu. Ile iliyokingwa na maandishi meusi inabaki laini, ukimwagia maji inatoka, na mahali pake panabaki njia yenye umbo la herufi. Hapo ndipo wino unapita kwenda kwenye fulana. Sanaa hii ina umri: Mwingereza mmoja wa Manchester, Samuel Simon, aliipatia hataza mwaka 1907, na watu wa mashariki ya Asia walikuwa na njia za kufanana nayo karne nyingi kabla yake. Kwa hiyo tusione aibu ya fremu za mbao. Wengi walianzia hapo.

Kazi hazikukosekana. Mji wetu una kalenda yake. Tarehe 27 Februari tunawakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa hapa mwaka 1906, na watu wanataka fulana. Hujapumua, imefika tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake. Mara Mei Mosi. Kuanzia Septemba ni mahafali ya shule. Halafu serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni 2019, wenye maduka wakaanza kutafuta mifuko mbadala yenye majina yao. Tuliupokea mfuko wa kwanza kwa shangwe, tukauchapa, tukaupiga pasi kama fulana, ukajikunja wote ukawa kama ngozi ya mbuzi iliyoungua. Mifuko ile ni plastiki ya aina nyingine inayofanana na kitambaa, haivumilii moto. Hasara ikawa mfuko mmoja tu, tukacheka, tukatafuta wino unaokauka kwa hewa.

Hasara ya fulana za mahafali hatukuicheka.

Mwaka 2022 shule moja ilituagiza fulana 60 za mahafali, nyeupe, maandishi ya bluu. Tulikuwa tumepata wino mpya kutoka Dar es Salaam, mzito, unang'aa, tukausifu. Tukachapa, tukaanika kwenye kamba siku mbili, tukapitisha pasi ya nyumbani, tukakabidhi. Wiki ya pili akaja mwalimu, kijana mpole kabisa. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Hakusema neno zaidi. Akafungua mfuko akatoa fulana iliyofuliwa mara moja. Jina la shule lilikuwa limebaki nusu. Herufi nyingine zilikuwa zimehamia mgongoni.

Tulirudisha fedha zote. Fedha zile zilikuwa za mkopo wa sanduku, kwa hiyo zilikuwa zenu. Mama mmoja aliyekuwa akitegemea mgao wa mwisho wa mwaka alipe ada ya mtoto, ilibidi akakope kwingine. Yupo hapa leo, simtaji, ila najua analikumbuka jambo hilo, nami nalikumbuka.

Sasa mimi, badala ya kuuliza kwa nini wino ulitoka, nikaja kwenye kikao na picha ya mashine. Ilikuwa ile mashine ya mikono ya kuzunguka, rangi nne, meza nne. Fremu zinakaa juu kama matawi ya mti, unazungusha, kila rangi inatua mahali pake. Mmarekani Michael Vasilantone aliipatia hataza mashine ya namna hiyo mwaka 1969, na wachapaji wa fulana duniani wanazitumia mpaka leo. Ni kifaa kizuri. Bei yake ilikuwa milioni kadhaa. Nikawaambia: tatizo letu ni vifaa duni, tukipata hii tumepona. Tulipanga tuombe mkopo wa halmashauri, ile asilimia nne ya akina mama katika asilimia kumi ya mapato ya ndani. Aprili 2023 Serikali ikaisimamisha mikopo hiyo kwanza ili itengenezwe utaratibu mpya. Mimi nikaona tusisubiri, tuvunje sanduku lote tununue kwa fedha yetu.

Ndicho kikao chenyewe kile. Watu waligawanyika pande mbili. Mimi nilizungumza sana, na kwa sauti. Mwishoni dada yetu mweka hazina, ambaye mnajua hasemi, akauliza swali moja: "Hiyo mashine, dada, inakausha wino?"

Nikakasirika. Nikajibu kwamba mashine ni ya kuchapa, si ya kukausha. Akasema, "Basi fulana za mwalimu zingetoka hata kwa mashine." Akakaa chini.

Nilirudi nyumbani sikulala. Kesho yake nikakubali jambo alilolipendekeza: kwa mwezi mzima tusitupe fulana iliyoharibika, tuiweke, na pembeni tuandike kwenye daftari imeharibikaje. Mwisho wa mwezi tukazipanga mafungu mezani. Fungu la kwanza, lililopanda mpaka kiwiko, lilikuwa la wino usioiva. La pili lilikuwa la rangi ya pili kukosa mahali pake. La tatu alama za vidole, vumbi, na matope ya kamba iliyoanguka. La nne, dogo, matundu kwenye skrini yaliyotoa vidoadoa. Tulitafuta fungu la fulana zilizoharibika kwa sababu tunachapa polepole. Halikuwapo.

Tukaacha habari ya mashine. Tukakopa laki tisa tu, tukaanza na fungu kubwa.

Wino ule mzito unaitwa plastisoli. Nimekuja kujua baadaye, na kila anayetaka kazi hii ajue kabla: wino huo haukauki kwa jua, hata uuanike mwezi. Hauna maji ndani yake ya kukauka. Unaiva kwa moto kama andazi, na lazima joto lifike kiasi cha nyuzi 160 za Selsiasi mpaka chini kabisa linapogusana na uzi. Pasi ya nyumbani inaivisha juu, chini unabaki mbichi. Ukiugusa ni mkavu, ukifua unatoka. Tulinunua pasi ya kubana, ile yenye kipini, saa na kipimajoto, iliyokwishatumika, na ndiyo iliyokula sehemu kubwa ya ule mkopo. Tukaweka na sheria: kila oda, fulana ya kwanza inavutwa kwa mikono miwili. Wino ukipasuka, haujaiva. Kisha inafuliwa hapohapo kwa maji ya moto na sabuni, mteja hajaiona. Kwa wino wa maji, ambao ndio tunautumia zaidi siku hizi, unaacha ukauke kwanza ndipo unaupiga moto. Huo ulituokoa wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024. Tulikuwa tunachapa mchana bila umeme, fulana zinasubiri, umeme ukirudi hata saa nne usiku mtu mmoja anakuja kuzibana.

Jezi nyekundu za poliesta zina vituko vyake. Unachapa namba nyeupe inang'aa, mteja anaondoka anafurahi, baada ya siku chache namba imekuwa ya pinki. Rangi ya nguo inapanda juu kwa sababu ya moto. Jezi tunazichapa kwa wino wa kuiva kwa joto la chini, na tunamwambia mteja kabla.

Fungu la pili, la rangi kukosa mahali, nalieleza kwa khanga na mtanielewa upesi. Kila mmoja hapa amewahi kununua khanga ya bei poa ambayo ua jekundu limeteleza nje ya mstari wake mweusi, ukiivaa unaonekana kama umelewa. Kosa ni moja. Kwetu lilitokea kwa sababu fremu tulikuwa tunaishika kwa mkono, mmoja anashika, mwingine anavuta wino. Dawa yake ilikuwa bawaba mbili, bawaba za mlango zilezile! Fundi seremala akatutengenezea meza nzito isiyoyumba, akafunga fremu kwa bawaba kila upande inapotua, ubao wa fulana ukapigiliwa vishikio vitatu vya kuisimamisha mahali pamoja. Chini ya fremu tukabandika vipande vya kadibodi ili wavu usilale juu ya nguo. Unatakiwa uachane nayo kama unene wa sarafu moja au mbili, unagusa pale tu skwiji inapopita kisha unaruka juu. Herufi zetu ziliacha kuvimba siku ileile. Oganza tukaachana nayo, tukanunua wavu wa poliesta wa kazi hii: wa nyuzi 43 kwa sentimita kwa fulana, na wa nyuzi 77 kwa maandishi madogo.

Upande wa skrini, shida yetu ilikuwa jua. Jua la Songea si saa ya ukutani. Oktoba dakika chache tu zinatosha, Juni na baridi yake na mawingu ya asubuhi hujui usubiri mpaka lini. Masika hata dawa yenyewe haikauki. Tulitengeneza sanduku la mbao, juu kioo, ndani taa za mwanga wa zambarau, juu ya kioo tunalaza filamu na fremu, tunakandamiza kwa godoro na tofali. Siku ya kwanza tulipima: tukafunika skrini kwa kadibodi, tukawa tunaisogeza kila baada ya dakika mbili, tukaosha, tukatazama kipande kipi kimetoka safi. Dakika zile tuliziandika ukutani kwa chaki na mpaka leo zipo. Matundu madogomadogo yakapungua.

Hapo naomba mnivumilie niseme habari ya mikono. Dawa tuliyokuwa tukitumia zamani ilichanganywa na unga wa rangi ya machungwa, daikromati. Ni rahisi, inafanya kazi. Mwenzetu mmoja aliota vidonda katikati ya vidole, vinapona vinarudi, tukasema ni sabuni, wengine wakasema mambo mengine ambayo sitayarudia hapa. Ilikuwa ni unga ule. Una kromiamu ya aina mbaya, inachoma ngozi, mwili ukishaikataa haisahau, na ikivutwa kwa pumzi kwa muda mrefu huleta saratani. Ulaya siku hizi haitumiki bila kibali maalumu. Tulihamia dawa ya dayazo, ina gharama zaidi, na tukanunua glavu. Kama nyumbani kwako kuna kijana anafanya kazi hii na ana kopo la unga wa machungwa, mwulize. Mwenzetu yule hakurudi kwenye skrini. Ndiye anayepokea wateja sasa.

Na kupokea wateja ndiko kulikobadilika kuliko yote, ingawa hakukugharimu kitu ila daftari la kurasa mia. Zamani oda ilikuwa kichwani mwangu, nyingine kwenye simu ya katibu, nyingine nyuma ya risiti ya LUKU. Sasa oda isiyoandikwa haichapwi. Inaandikwa idadi, saizi, rangi ya nguo, rangi ya wino, siku ya kuchukua, na malipo ya awali nusu. Kabla ya kutengeneza skrini, mteja anaandikiwa maneno yake kwenye karatasi, anayasoma herufi kwa herufi, anatia saini. Ndugu mmoja aliandika "MAHAFARI" akasaini, tulimrudishia karatasi tukamwomba asome tena. Alicheka mwenyewe. Zamani tungeshachapa, tukaja kugombana nani alipe.

Daftari lilitufundisha jambo jingine. Tulikuwa tunachapa oda kama zilivyokuja: nyeusi, nyeupe, nyeusi tena, kila mara unaosha skwiji na fremu. Sasa za rangi moja zinachapwa siku moja. Meza nazo tulizihamisha. Mwanzo wino ulikuwa stoo, meza mlangoni, kamba uani, na pasi chumba cha nyuma. Mtu mwenye fulana mbichi mkononi anapishana na watoto na kuku. Tukapanga mstari: mlangoni daftari, kisha chumba cha giza chenye balbu ya njano, kisha meza ya kuchapa, kamba ndani chini ya bati, pasi, na mwisho meza ya kukagua ambapo hairuhusiwi kufika na wino mikononi. Fungu la alama za vidole likaisha bila shilingi hata moja kutoka.

Yapo ambayo hayajakaa sawa. Maji ya kuoshea skrini bado yanaingia kwenye shimo tulilochimba uani na mimi silipendi, tupo karibu na bustani za mboga za watu. Tunakusanya wino mzito kwenye ndoo kwanza, tunaufuta kwa matambara, maji yanakwenda na kidogo kilichobaki, lakini shimo linahitaji mchanga na kokoto na kupelekwa mbali. Na nyeupe juu ya nguo nyeusi bado inatuchelewesha, inataka mikono miwili na moto katikati.

Sasa mashine. Mikopo ya halmashauri ilirejeshwa mwaka 2024, na najua kuna wanaosema wakati wa ile mashine umefika. Wengine wamenifuata pembeni, wanadhani nitafurahi. Jibu langu ni hili: pasi yetu ya kubana ni moja, inachukua karibu dakika nzima kwa fulana moja ukihesabu kuiweka na kuitoa. Wanaochapa mezani tayari wanaisubiri. Tukileta mashine inayochapa mara mbili ya sasa, fulana mbichi zitarundikana mbele ya pasi ileile, na mbichi ikirundikana inapakana. Ninachoomba kwa mwaka huu ni pasi ya pili, na fedha ya shimo la maji. Mashine niulizeni pasi zikiwa mbili na bado kuna mtu amekaa anasubiri fulana zitoke mezani. Mweka hazina amenipa hesabu yake na zinalingana na zangu, jambo ambalo halitokei kila mwaka.

Marejesho ya mwisho ya laki tisa yaliingia kwenye sanduku Jumamosi iliyopita, mbele ya wenye funguo wote watatu. Fulana mlizovaa leo zimechapwa pale na zimefuliwa mara moja kabla ya kugawiwa, ndiyo maana baadhi yenu mmelalamika kwamba si mpya. Na hii niliyovaa mimi, ambayo naona mgeni rasmi anaitazama tangu nimeanza, ni ile ya kwanza ya kujaribia mahali. Neno "miaka" limepanda juu ya "kumi". Haikuuzika, nikaona nisiitupe.